Jinja na Tera: Nyumba za Ibada za Kyoto

Msafiri afikaye Kyoto, katika nchi ya Japani, hukuta nyumba za ibada karibu katika kila mtaa. Sisi tulipofika tuliziita zote kwa neno moja, hekalu. Neno hilo lilitupotosha, nasi twataka kueleza sababu.

Kyoto ulikuwa makao ya Makaisari wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu, tangu mwaka 794. Humo mna nyumba za ibada za namna mbili. Ya kwanza ni jinja, nayo ni ya Shinto, dini ya asili ya wenyeji, wanaowaheshimu kami. Ya pili ni tera, nayo ni ya dini ya Buddha, iliyofika Japani katika karne ya 6 kwa njia ya Korea.

Jinja hujulikana kwa lango lake, liitwalo torii: nguzo mbili na boriti mbili juu yake, bila mbao za kufungia. Katika jinja ya Fushimi Inari malango mekundu hupanda mlima kwa maelfu. Hutolewa na wafanya biashara na watu wengine, na jina la mtoaji huandikwa juu ya nguzo. Pana na sanamu za mbweha. Tulidhani huabudiwa, kumbe ni matarishi tu wa Inari, kami wa mpunga na biashara. Mwenye kusali hunawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha husukutua. Ndipo huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, na kuinama tena.

Siku ile ile tuliingia tera iitwayo Sanjusangendo, yenye sanamu 1,001 za Kannon, mwenye rehema. Tulipiga makofi kama tulivyojifunza asubuhi. Mzee mmoja aliyesimama karibu hakutukemea. Aliunganisha viganja vyake kimya, akangoja hata nasi tukafanya vile vile. Tuliona haya sana.

Walakini wenyeji wengi huzitumia nyumba zote mbili: mtoto mchanga hupelekwa jinja, na mazishi hufanywa kwa taratibu za tera. Mwaka 1868 serikali iliamuru dini hizo zitengwe, na tera nyingi zikaharibiwa. Lakini desturi hiyo ya watu haikukoma.

Tulipokuwa tukirudi tulikumbuka ya kwetu. Wageni wa zamani waliyaita matambiko, maombi ya mvua na heshima kwa wazee waliokufa kwa neno moja, ushenzi, bila kuuliza kila jambo laitwaje. Neno hilo lilituuma. Basi yatupasa tusiwatendee wengine hivyo. Msafiri na aulize majina kwanza, kabla ya kuhukumu. Kwa maana asiyejua kupambanua jinja na tera atapiga makofi mahali pa kunyamaza.