Maji Yaliyomo Ndani ya Mrututu

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ambao wakulima wa kahawa huuchanganya na chokaa ili kuzuia maradhi ya ukungu, una tabia moja inayowatatiza wanafunzi wa kemia: fuwele zake za buluu ni kavu, hazilowanishi hata karatasi zilimofungwa, ilhali zaidi ya theluthi ya uzito wake ni maji matupu.

Maji hayo si unyevu uliozivamia kutoka hewani, bali yamefungamana na chumvi yenyewe kwa kadiri isiyobadilika, yaani molekuli 5 kwa kila atomu moja ya shaba. Wanasayansi Beevers na Lipson, walipozichungua fuwele hizo kwa eksirei mwaka 1934, walibainisha kwamba 4 kati yake huizunguka shaba, na ya tano hujishikiza kwenye salfeti. Ndiyo maana huandikwa CuSO₄·5H₂O, na ile nukta ya katikati, ambayo wengi huidhania alama ya kuzidisha, haizidishi kitu.

Fomula hiyo ndiyo hutuwezesha kuipima chumvi hii kwa moli. Moli nayo ni jina la idadi ya chembe tu, kama wafanyabiashara wa mwambao walivyozoea kuita vitu 20 korija, illa idadi hii ni kubwa mno, 6.022 × 10²³. Na kwa kuwa hapana awezaye kuzihesabu chembe hizo, hatuna budi kuiendea mizani. Kwa gramu za moli moja, shaba ni 63.55, salfa 32.06, na oksijeni nne 64.00, jumla 159.61; maji ni 18.015, ambayo mara 5 hukaribia 90.08, basi moli moja ya mrututu ni gramu 249.69. Atakiwaye kupima moli 0.25 atazidisha, apate gramu 62.42. Akiyasahau maji atapima gramu 39.90, na kwa yakini atakuwa ametwaa moli 0.16 tu, wala mizani haitamwonya, maadamu yenyewe imesema kweli.

(Chumvi ya haluli imezidi: kila molekuli ya salfeti ya magnesi hufuatana na 7 za maji, hata katika gramu 246.47 za moli moja, 126.11 ni maji, na mnunuzi huondoka na maji mengi kuliko dawa.)

Hata hivyo zile gramu 39.90 si batili kila mahali. Mrututu ukichomwa kupita kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi hutokwa na maji yake yote, ukageuka unga mweupe, na unga huo ndio wenye moli 0.25 katika uzito huo. Kwa hiyo ni aula kusoma kibandiko cha chupa kabla ya kushika kalamu. Tia gramu 39.90 za unga mweupe katika chombo kimoja, na 62.42 za fuwele za buluu katika cha pili, kisha ongeza maji hadi kila kimoja kitimie lita moja: utapata miyeyusho miwili ya buluu isiyotofautiana hata chembe, kwani maji ya fuwele yamekwisha kujiunga na wenzake.