Kutambua Mayai ya Wadudu Bustanini

Yai halitembei wala halili jani. Kwa hiyo, hatua hii ndiyo rahisi zaidi kumdhibiti mdudu mharibifu. Lakini ukiponda kila yai unaloliona, utaua pia wadudu wanaokulindia mimea. Kwanza jiulize: yako kwenye mmea gani? Sehemu gani ya mmea? Ni moja moja au kundi? Yana umbo na rangi gani?

Linganisha mifano hii ya Mtwara:

1. Mahindi: kundi la mayai 100 hadi 200, limefunikwa manyoya ya kijivu kama ukungu. Ni ya nondo wa viwavijeshi vamizi, walioripotiwa nchini mwaka 2017. Penye joto huanguliwa baada ya siku 2 hadi 3. Yaponde mapema.

2. Mlimau na mchungwa: yai moja moja, mviringo, rangi ya njano hafifu, kwenye jani changa. Ni la kipepeo. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege.

3. Mkorosho: yai limechomekwa ndani ya chipukizi laini, na nyuzi mbili fupi tu hutokeza nje. Ni la mbu wa mikorosho. Tumia lenzi ya mkono.

4. Mmea wowote wenye vidukari: yai limesimama juu ya uzi mwembamba kama pini. Ni la mdudu mwenye mabawa ya kimia, ambaye lava wake hula vidukari. Liache.

Swali la mfano
Juma aliona chini ya jani la kunde mayai ya njano yaliyosimama wima kwa kundi, karibu na vidukari weusi.
(a) Taja mdudu aliyeyataga.
(b) Kwa nini Juma asiyaponde?
(c) Atathibitishaje jibu lake?

Majibu
(a) Mbawakavu mwekundu mwenye madoa meusi.
(b) Lava na mdudu kamili wote hula vidukari. Huu ni udhibiti wa kibiolojia.
(c) Aweke jani kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa, aongeze vidukari, kisha achore anachokiona kila siku.

Angalizo: wapo mbawakavu wa jamii hiyo wanaokula majani ya maboga na matango, na mayai yao hufanana sana na haya. Kwa hiyo usijibu kwa kutaja rangi peke yake. Taja pia mmea na chakula kilicho karibu. Hapo ndipo hoja yako inapokamilika.