Blanketi Pana Katika Kitanda Chembamba cha Mfumi

Mwenye kitanda cha mfumi chenye upana wa inchi 36 asidhani kwamba hawezi kufuma blanketi la inchi karibu 72. Njia yake ni kufuma nguo mbili pamoja, moja juu ya nyingine. Ufundi huu ni wa kale. Wafumi wa Peru waliujua kabla ya Wahispania kufika huko mwaka 1532.

Kitanda kiwe na fremu nne: 1 na 2 za nguo ya juu, 3 na 4 za nguo ya chini. Ikiwa nguo moja yataka nyuzi 12 kwa inchi, tanda 24. Kwa nguo ya juu, inua 1 au 2 peke yake. Kwa ya chini, inua 1 na 2, pamoja na 3 au 4.

Pitisha mshindio juu mara moja, chini mara mbili, juu mara moja, kisha uanze tena. Upande mmoja utaungana, wa pili utabaki wazi. Ukipitisha juu, chini, juu, chini, utapata mfuko usiofunguka.

Usivute sana uzi penye mkunjo, maana nyuzi zikisongamana hapo, mstari utaonekana katikati ya blanketi. Tena ichungulie nguo ya chini mara kwa mara, kwani kosa lake hujificha mpaka kazi imekwisha.