Barua ya Kuombea Kazi ya Utafiti wa Wanyama

Wanachama wetu wanaofanya kazi katika misitu ya magharibi ya Uganda, yaani Budongo, Kibale na Kalinzu, wametuuliza jambo moja mara kwa mara. Mtu amewafuata sokwe msituni miaka mingi, anaomba kazi katika mradi mwingine, na hata kuitwa haitwi. Kijana aliyetoka chuoni juzi ndiye anayeitwa. Kwa nini?

Zipo sababu zisizokuwa mikononi mwetu. Matangazo mengine hudai digrii kwa kazi isiyohitaji digrii, na juu ya hilo Chama hakitanyamaza. Lakini tumezisoma barua kadhaa za wenzetu na yatupasa kusema kweli: nyingi zinamficha mwenye kuziandika.

Chukueni barua ya ndugu mmoja aliyeturuhusu tuieleze bila kumtaja jina. Ameanza hivi: "Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa naomba kazi yoyote katika mradi wako." Kisha akaeleza kwamba yeye ni mchapa kazi, ni mwaminifu, anawapenda wanyama tangu utotoni, ana watoto watano na maisha ni magumu. Mwisho kabisa, juu ya sahihi, akaongeza: "Nimewahi kufanya kazi msituni." Miaka 6 ya kazi imekuwa maneno manne.

Yafaa kwanza tumfikirie atakayeisoma barua hiyo. Mara nyingi ni mtafiti ambaye atakaa kambini miezi michache, halafu arudi chuoni kwake, na kazi yote abakie nayo msaidizi. Hofu yake ni moja. Anaogopa karatasi iliyojazwa chini ya mti na mtu ambaye siku hiyo hakufika msituni. Hesabu moja ya uongo huharibu kazi ya mwaka mzima, naye akiwa mbali hawezi kuijua. Neno "mwaminifu" halimwondolei hofu hiyo, maana kila mwombaji huliandika. Kinachomwondolea ni kuona kwamba mwombaji anajua kazi inavyofanywa, hatua kwa hatua.

Basi tuliketi na ndugu yetu huyo tukamwuliza: ulikuwa ukifanya nini hasa? Akajibu, "Kuhesabu viota tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyomponza.

Kila sokwe mkubwa hujitengenezea kiota kipya juu ya mti kila jioni. Kwa hiyo watafiti hukata mistari iliyonyooka msituni, na msaidizi huifuata mstari hadi mstari akitazama juu. Akiona kiota hupima kwa futi ya kamba umbali kutoka kwenye mstari hadi chini ya kiota, huandika aina ya mti, na huamua umri wa kiota kwa majani yake, kama bado ni mabichi, yamekauka, au yamekwisha kupukutika. Kutokana na hayo watafiti hukadiria idadi ya sokwe katika msitu mzima. Si kazi ya kubahatisha: mtu asiyezoea hupita chini ya viota vitatu bila kuona hata kimoja.

Tukapiga hesabu pamoja naye. Mistari ilikuwa 5, kila mmoja kilomita 2, naye aliipita yote mara mbili kwa mwezi. Hizo ni kilomita 20 kila mwezi. Alianza Januari 2017 akamaliza Desemba 2022, miezi 72, lakini mwaka 2020 kazi ilisimama miezi 5 kwa sababu ya korona. Inabaki miezi 67, yaani kilomita 1,340. Ndugu yetu alicheka, hakuamini kwamba ni yeye. Zaidi ya hayo, alikuwa akifuata sokwe mmoja kutwa nzima na kuandika kila baada ya dakika 15 anachokula na aliyeandamana naye. Miti anaitambua kwa majina ya Kilatini, na aliwahi kung'oa mitego mingi ya nyaya.

Barua yake sasa inaanza hivi: "Naomba kazi ya msaidizi wa utafiti mliyoitangaza mwezi huu. Kuanzia 2017 hadi 2022 nilihesabu viota vya sokwe katika mistari 5, na kwa jumla nilitembea zaidi ya kilomita 1,300. Kila jioni mimi na mwenzangu tulisomeana karatasi zetu na kuweka alama penye shaka, bila kufuta." Sentensi hiyo ya mwisho aliitoa mwenyewe, wala sisi hatukuijua. Twaiona kuwa bora kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayojibu hofu ya mtafiti.

Tuliondoa habari za watoto na ugumu wa maisha. Si kwamba hayana maana. Hayo ni ya kujadiliwa penye mshahara, na huko Chama kitasimama naye. Tuliondoa pia mapenzi ya wanyama. Katika utafiti wa sokwe sifa kubwa ni kukaa mbali nao, kuvaa barakoa, na kubaki kambini ukiwa na mafua, kwani magonjwa yetu ya kifua huwaua. Mwombaji anayejisifu kwamba hucheza na wanyama anajifungia mlango.

Jambo moja lilituletea ubishi sisi wenyewe. Tangazo lilitaka mtu anayejua kuingiza takwimu katika kompyuta, na ndugu yetu hajui. Wengine tulisema anyamaze, aulizwe siku ya mahojiano. Mwishowe tukakubaliana aandike wazi kwamba bado hajajifunza, ila karatasi zake husomeka na mtu mwingine bila kuuliza. Maadamu tangazo limetaja jambo, ukilipita kimya msomaji huliona pengo. Lisipotajwa, hakuna haja ya kutangaza upungufu wako.

Wapo pia wenzetu waliokuwa wawindaji kabla ya kuingia kazi hii. Wanatuuliza kama waufiche ujuzi wao. Hapana. Kusoma nyayo na kujua mtego unapotegwa ni ujuzi unaotakiwa sana. Waandike wanachokijua, na wakiulizwa walikojifunza wajibu kwa ukweli.

Kuhusu elimu, msijidharau. Jane Goodall alipofika Gombe, Tanzania, mwaka 1960, hakuwa na digrii. Na mwezi Mei 1975, wapiganaji waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire walipowateka wanafunzi 4 wa kigeni hapo Gombe, watafiti wa kigeni waliondolewa, na wasaidizi wa Kitanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika habari zao siku kwa siku. Wanafunzi waliachiliwa baadaye. Utafiti ule haukukatika, na waliouendeleza ni watu wa kazi kama yenu.

Barua zenyewe hapa kwetu huandikwa kwa Kiingereza. Msianze na Kiingereza. Andikeni kwanza kwa lugha mnayoifikiria, Kiswahili au ya nyumbani, mpaka mambo yakae sawa, ndipo mgeuze kwa sentensi fupi. Barua za kunakili za sokoni, zenye maneno makubwa, zinafanana zote na hutambulikana mara moja. Ukurasa mmoja watosha. Wadhamini waombwe ruhusa kabla ya kutajwa, na namba zao za simu zihakikishwe. Anayewadai fedha ili apokee barua ya maombi ni mwizi, mleteni kwetu.

Limebaki la cheti cha utumishi. Ndugu yetu hakuwa nacho, na ilitubidi kumtafuta mratibu wake wa zamani kwa majuma 3 ili athibitishe miaka ile 6. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa cheti hicho akikiomba mwisho wa kazi. Wenzetu wa Tanzania wana haki ya namna hiyo katika sheria yao ya 2004, na wa Kenya katika ya 2007. Hapa Uganda neno ni "akikiomba", basi kiombeni kwa maandishi na mbaki na nakala. Kiombeni mkataba ukiwa unakaribia kwisha, kabla wakubwa wa mradi hawajafunga masanduku yao, maana wengi wao ni wageni, na kambi ikivunjwa huwa hakuna hata wa kubisha mlangoni pake.