Kadi ya Michoro Katika Kompyuta Ndogo: Umeme, Nafasi na Joto

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa zikiwa zimekwisha kutumika zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Sanduku lake ni jembamba, nafasi ya ndani ni finyu, na kazi yake ya asili ilikuwa kuandika barua na kutunza hesabu. Shule au mwanafunzi anayeinunua huitaka ifanye zaidi ya hapo: kuchora jengo kwa vipimo vitatu, kuonyesha umbo la molekuli likizunguka, au kuunganisha vipande vya filamu. Hapo ndipo linapozuka wazo la kuiongezea kadi ya michoro. Wazo lenyewe si baya. Lakini fedha nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi huanza kwa kuichagua kadi, ilhali yafaa aanze kwa kulipima sanduku.

Picha ionekanayo katika kioo cha kompyuta ni mkusanyiko wa nukta zilizopangwa kwa safu. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 2,073,600. Rangi ya kila nukta huchukua baiti 4 katika kumbukumbu, na picha nzima hupelekwa kiooni mara 60 kila sekunde. Mwanafunzi akizidisha tarakimu hizo atapata karibu baiti milioni 498 kwa sekunde. Kiasi hicho chaonekana kikubwa, lakini si mzigo kwa mashine za leo. Mzigo wenyewe u nyuma yake, maana kabla nukta haijapelekwa kiooni sharti rangi yake ikokotolewe. Katika mchoro wa vipimo vitatu, kila umbo huvunjwa kuwa pembetatu ndogo maelfu kwa maelfu. Kila pembetatu huzungushwa, hupimwa i mbali kiasi gani na macho ya mtazamaji, huangaliwa kama imefichwa na nyingine, kisha hutiwa rangi kwa kufuata upande utokako mwanga.

Hesabu hizo ni nyepesi, takriban zote ni za kuzidisha na kujumlisha, na jambo la maana ni kwamba nyingi kati yake hazitegemeani. Prosesa kuu ya kompyuta yaweza kufananishwa na mafundi bingwa wanne walioketi meza moja: kila mmoja ni hodari, lakini wako wanne tu. Prosesa ya michoro ni kikosi cha vibarua mamia, kila mmoja akijua kazi chache, wote wakizifanya kwa wakati mmoja. Prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012, ambayo hupatikana sana katika kompyuta za ofisi za miaka hiyo, ina viini 4. Kadi ndogo ya GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 ina vitengo 384. Si haki kuzilinganisha tarakimu hizo moja kwa moja, kwa kuwa kitengo kimoja cha kadi ni dhaifu mno kuliko kiini kimoja cha prosesa kuu, lakini zatosha kuonyesha tofauti ya maumbile yao.

Hapo awali kadi haikuwa kitu cha nyongeza. Kompyuta ya IBM PC iliyotolewa mwaka 1981 haikuweza kuonyesha chochote kiooni pasipo kadi iliyochomekwa katika mojawapo ya sloti zake 5. Kadi yake ya rangi, iliyoitwa CGA, ilikuwa na kilobaiti 16 tu za kumbukumbu. Iliweza kuonyesha nukta 320 kwa 200 katika rangi 4. Kwa kuwa rangi 4 zahitaji biti 2 kwa kila nukta, picha nzima ilichukua baiti 16,000, ikaenea barabara katika kumbukumbu hiyo. Siku hizi kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi kabisa. Sehemu ya kuchora imewekwa ndani ya prosesa kuu, nayo huazima kumbukumbu ile ile itumiwayo na kazi nyingine zote.

Katika kuazima huko ndiko ulipo udhaifu. Kipande kimoja cha memori ya aina ya DDR3-1600 chaweza kupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Vipande viwili vikipangwa jozi vyapitisha 25.6. Kiasi hicho hugawanywa baina ya prosesa na michoro. GT 1030 ya mwaka 2017 ina kumbukumbu yake yenyewe, ya aina ya GDDR5, ipitishayo gigabaiti 48 kwa sekunde bila kugawana na yeyote. Lakini mwaka 2018 ilitolewa kadi nyingine yenye jina hilo hilo la GT 1030, ila kumbukumbu yake ni ya DDR4, nayo hupitisha gigabaiti 16.8 tu. Ajuaye jina peke yake hawezi kuzitofautisha. Na kompyuta yenye kipande kimoja cha memori huweza kupata nafuu ya kuonekana kwa kuongezewa cha pili kinacholingana nacho, kabla ya kadi yoyote kununuliwa. Wauzaji wa kadi ni nadra kulitaja jambo hilo.

Baada ya hapo huja suala la umeme, na hili ndilo linaloharibu mashine. Sloti ndefu ya aina ya PCI Express x16 huruhusiwa kuipa kadi wati 75 kwa jumla. Sehemu kubwa hutoka katika waya za volti 12, ambazo hutoa ampea 5.5, yaani wati 66. Salio hutoka katika volti 3.3. Kwa kulinganisha, pawasaplai ya ile IBM PC ya mwaka 1981 iliilisha kompyuta nzima kwa wati 63.5. Kadi ihitajiyo zaidi ya wati 75 sharti ipate waya wa ziada moja kwa moja kutoka katika pawasaplai, na kompyuta nyingi za ofisi zilizo nyembamba hazina waya huo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kibandiko cha pawasaplai chasema wati 240. Prosesa ya i5-3470 imekadiriwa wati 77, na kadi ya GeForce GTX 1050 Ti wati 75. Bodi kuu, memori, diski na feni zikadiriwe wati 40. Jumla ni 192, nazo hubaki wati 48 za akiba. Akiba hiyo ni ya lazima, kwa sababu kadi huvuta umeme kwa mishtuko ya ghafla, na pia pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi si ile iliyotoka kiwandani. Kapasita zake zimechoka.

Wapo wanaojaribu kuukwepa ukosefu wa waya kwa kununua kiunganishi kinachochukua umeme kutoka katika plagi ya SATA ya diski na kuupeleka kwenye kadi. Plagi hiyo imesanifiwa kupitisha ampea 4.5 katika volti 12, yaani wati 54. Kadi ikidai wati 75 kupitia humo, mkondo huwa ampea 6.25. Vipini vya plagi hupata joto, plastiki hulainika, na huenda moto ukazuka ndani ya sanduku lililofungwa. Njia hiyo haifai kabisa.

Nafasi hupimwa kwa rula. Kadi ya kimo cha kawaida ina takriban milimita 110, nayo haiingii katika sanduku jembamba. Yahitajika ile fupi, isiyozidi milimita 69 hivi, pamoja na kibati chake kifupi cha nyuma. Unene nao utazamwe, maana kadi zenye kipoza joto kikubwa hufunika sloti mbili, na katika baadhi ya kompyuta sloti ifaayo imebanana na pawasaplai. Tena sloti mbili zaweza kuwa na urefu sawa, kumbe moja yake imeunganishwa kwa njia 4 tu badala ya 16. Kitabu cha maelekezo cha kompyuta hulieleza jambo hilo.

Joto lina kanuni rahisi: kipoza joto hakiishushi kadi chini ya joto la hewa iliyopo, bali huizuia isipande mno juu yake. Kadi ambayo katika chumba cha nyuzi 22 hufikia nyuzi 65, katika darasa la Dar es Salaam lenye nyuzi 32 itakaribia 75 kwa kazi ile ile. Vumbi likiziba matundu ya sanduku, joto hupanda zaidi, na prosesa ya kadi hupunguza mwendo ili ijilinde. Mtumiaji huona michoro ikikwama, akadhani kadi ni mbovu.

Siku ya kuichomeka kadi, waya wa ukutani huchomolewa kwanza, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa mara moja ili umeme uliosalia katika bodi uishe. Fundi hugusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kadi, hasa katika sehemu kavu kama Dodoma, ambako umemetuli hukusanyika mwilini kwa urahisi. Kadi hukandamizwa hadi klipu ya sloti ilie, ndipo skrubu hufungwa. Kompyuta za kabla ya mwaka 2012 hivi huenda zikaikataa kadi mpya kwa sababu programu yake ya kuamkia ni ya zamani; ni vema kuulizia hilo kabla ya kulipa. Kioo nacho huunganishwa na tundu la kadi, si lile la bodi kuu. Likisahauliwa hilo, kioo hubaki cheusi, au michoro huendelea kukokotolewa na sehemu ya zamani ndani ya prosesa, na kadi mpya hukaa sandukuni ikizungusha feni tu.