UFAFANUZI: KUINGIA MARA MOJA KATIKA KOMPYUTA KWA MTUMISHI MWENYE AKAUNTI MBILI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanapewa maelezo haya kuhusu utaratibu wa kompyuta uitwao kuingia mara moja, na hasa kuhusu mtumishi mwenye akaunti mbili katika programu ile ile.

Utaratibu huu unamwezesha mtumishi kutoa neno la siri mara moja tu, kisha akafungua programu za barua, hesabu na kumbukumbu za wafanyakazi bila ya kuulizwa tena. Asili yake ni ya zamani. Chuo cha MIT cha Marekani kilianzisha mradi wa Athena mwaka 1983, na ndani yake ikatengenezwa programu ya Kerberos. Mtumiaji akishathibitishwa hupewa tiketi ya muda maalumu, na tiketi hiyo humfungulia huduma nyingine. Mwaka 2014 kilitolewa kiwango cha OpenID Connect, ambacho hufanya kazi kama hiyo kwa programu za intaneti.

Ugumu hutokea pale mtu mmoja anapokuwa na dhamana mbili. Mathalani, karani wa hesabu anayetayarisha hati za malipo hukaimu nafasi ya mkuu wake aliye likizoni, mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Karani huyo hupewa akaunti ya pili. Seva ya utambulisho humkumbuka kwa akaunti aliyoingilia asubuhi. Akitoka katika programu ya hesabu peke yake kisha akaifungua tena, huweza kurejeshwa katika akaunti ile ile bila ya kuulizwa. Hivyo hati huweza kusajiliwa kwa cheo kisichohusika. Zaidi ya hayo, mtu mmoja huweza kutayarisha malipo na kuyaidhinisha mwenyewe, na kumbukumbu zikaonesha kana kwamba ni watu wawili. Mwananchi anayedai haki yake, na mkaguzi anayefuatilia fedha za umma, hawatajua nani awajibike.

Kwa sababu hiyo, mambo yafuatayo yanahitajika:

(a) Akaunti zote mbili ziunganishwe na utambulisho mmoja wa mtumishi, ili programu ijue kuwa mwenyewe ni mmoja, na ikatae kumruhusu aidhinishe hati aliyoitayarisha.

(b) Programu imtake mtumishi achague akaunti kabla ya kuanza kazi. Kiwango cha OpenID Connect kinaruhusu jambo hilo, na jina la cheo lionekane wazi katika skrini.

(c) Anayebadilisha akaunti atoke katika seva ya utambulisho yenyewe, au atenge wasifu wa kivinjari kwa kila akaunti.

(d) Muda wa kukaimu unapomalizika, akaunti ya pili ifungwe siku hiyo hiyo.

(e) Neno la siri asipewe mtu mwingine, hata kama kazi ni ya haraka. Anayehitaji kuidhinisha apewe akaunti yake.

Ifahamike kwamba mlango ukiwa mmoja, aliyepata ufunguo wake hupata vyumba vyote. Kwa hivyo, mtumishi anayeondoka mezani, japo kwa dakika chache, anatakiwa kufunga kompyuta yake. Kazi yoyote itakayofanywa kwa akaunti iliyoachwa wazi itasomeka katika kumbukumbu kwa jina la mwenye akaunti hiyo.