Klorini ya bwawa inaisha kila siku? Tafuta chanzo kwanza

SI hoteli kubwa pekee zenye bwawa la kuogelea. Nyumba ndogo za wageni kutoka Bagamoyo hadi Diani nazo huvutia wateja kwa bwawa. Kilio cha wamiliki ni kimoja: dawa inamwagwa leo, kesho kipimo kinaonyesha klorini imeshuka au haipo kabisa.

Hasara si ya dawa tu. Maji yasiyo na klorini ya kutosha huleta kuharisha, maumivu ya masikio na vipele. Mgeni akiugua harudi, wala hamshauri mwenzake aje.

Kinachotakiwa ni klorini huru ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH ya 7.2 hadi 7.6. pH ikifika 8, klorini ipo lakini nguvu yake ya kuua vijidudu hupungua sana.

Anza na kipimo chenyewe. Matone yanayogeuza maji kuwa ya njano hupima klorini yote, hata ile iliyokwishachoka. Vidonge vya rangi ya waridi ndivyo hupima klorini huru. Lakini ikizidi mno, rangi hiyo hufutika, nawe ukadhani haipo. Punguza makali ya sampuli kwa maji yasiyo na klorini, kisha pima tena.

Baada ya hapo mtafute mwizi. Weka dawa jioni, washa pampu maji yazunguke, pima usiku, kisha pima tena kabla ya jua kuchomoza. Klorini ikiwa imepungua chini ya miligramu 1, mwizi ni jua la mchana. Ikipungua zaidi, mwizi yumo majini: utando wa kijani, majani, jasho na mkojo.

Kwa jua, tumia asidi ya sianuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na usiache klorini ishuke chini ya 2. Asidi hiyo ikipita 100, klorini hupoozwa, na tiba ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Vidonge vingi vinavyoyeyuka polepole tayari vinayo, hivyo usiongeze bila kupima.

Kwa uchafu, sugua kuta, safisha chujio, weka dozi kubwa jioni, na funga bwawa mpaka klorini irudi kiwango chake.

Dozi hupigiwa hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kunahitaji takriban gramu 150 za unga wa asilimia 65.

Tia dawa kwenye maji, kamwe usimwagie dawa maji. Usichanganye aina mbili za klorini, wala usiihifadhi karibu na asidi, mafuta au mbolea.

Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini klorini ikivuja, anayepata nafuu ni muuza dawa.